Karatasi, OSCE, kisa cha bahasha au kitandani: mtihani upi utamwona mwanafunzi wa uuguzi asiyeona dalili?

Mama ana miaka 29, huu ni uzazi wake wa nne. Kajifungua saa mbili usiku, mtoto wa kilo 3.9, kondo la nyuma limetoka lote. Saa nne mapigo yake ni 84 na presha 118/76. Saa nne na nusu mapigo 98, presha 112/70. Saa tano mapigo 116, presha 104/66. Pedi ya pili imelowa na kanga aliyoilalia imeanza kushika unyevu. Anamwambia mwanafunzi aliye zamu, "Nesi, nasikia kiu. Halafu humu ndani kuna baridi." Mwanafunzi anamletea maji, anamwongezea shuka, anaandika kwenye chati: hali ya mama ni nzuri.

Ukizitazama namba hizo moja moja hutashtuka. Presha ya 104/66 wako dada wengi wazima wanaotembea nayo sokoni. Lakini gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha: saa nne unapata 0.71, saa nne na nusu 0.88, saa tano 1.12. Kwa mama aliyejifungua, kuanzia 0.9 kwenda juu ni onyo kwamba huenda anapoteza damu nyingi. Mwili wake umekuwa ukipiga hodi kwa saa nzima.

Mwanafunzi huyo ninamfahamu kwa sababu nilimfundisha. Darasani alikuwa wa pili. Ukimwamsha usingizini angekutajia hatua zote za kumhudumia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, na dozi zake. Sista wa zamu ndiye aliyepita, akaweka mkono tumboni kwa mama, akakuta mfuko wa uzazi laini kama unga uliokandwa na kibofu kimejaa. Mama alipona. Mimi nilirudi nyumbani na swali moja: binti huyu alipita mitihani yetu yote, je, upo hata mmoja uliowahi kumuuliza kama anaona?

Tangu wakati huo nimekuwa nikizipima upya njia nne ambazo sisi wakufunzi wa uuguzi tunazitumia au tunaweza kuzitumia: mtihani wa karatasi wa maswali ya kuchagua, OSCE (mtihani wa vitendo ambao wanafunzi huzunguka vituo), kisa kinachofunguka hatua kwa hatua, na upimaji wa kitandani. Nimezipima zote kwa mama huyu huyu. Ukiwa mkuu wa idara, mkufunzi wa darasa, au muuguzi mlezi wa wanafunzi wodini, nadhani utaweza kuchagua kwa macho mapana zaidi.

Kabla ya kulinganisha: tunapima nini hasa?

Mwaka 1990 George Miller alipanga ngazi nne za uwezo wa mtaalamu wa afya: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha kufanya, na anafanya kweli kazini. Walimu wengi tunazijua. Christine Tanner, naye muuguzi, mwaka 2006 alieleza namna muuguzi anavyofikiri kwa hatua nne: anaona jambo, analielewa maana yake, anachukua hatua, kisha anatafakari alichofanya. Ukiiweka ngazi ya Miller kando ya hatua za Tanner, unagundua kwamba mwanafunzi anaweza kupanda ngazi tatu za Miller bila kuguswa kwenye hatua ya kwanza ya Tanner. Kuona.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023 ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukahusisha akina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wao wa siku zote, kati ya kila mama 100 waliotokwa damu nyingi, ni kama 51 tu waliotambuliwa. Katika zile zilizopewa mfuko wenye alama za kupimia damu, pamoja na utaratibu wa kuanza hatua zote za tiba kwa mkupuo, walitambuliwa 93. Madhara makubwa yalikuwa asilimia 1.6 katika hospitali hizi, dhidi ya 4.3 katika zile za kwanza. Hatua zenyewe ni zile tunazofundisha kila muhula: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu iache kutoka), dripu, uchunguzi na kuomba msaada. Wahudumu wa pande zote mbili walikuwa na vyeti. Karibu nusu ya akina mama waliotokwa damu nyingi upande wa kwanza hawakuonekana kwa wakati.

Kwa hiyo swali langu kwa kila aina ya mtihani hapa chini ni moja: je, unamwachia mwanafunzi kazi ya kuona, au unamwonea, yaani unaona kwa niaba yake, kabla hajaanza?

Karatasi ya maswali ya kuchagua

Mama yetu akiingia kwenye karatasi, kwa kawaida anakuwa hivi: "Mama aliyejifungua saa tatu zilizopita anatokwa damu nyingi ukeni na mfuko wa uzazi ni laini. Hatua ya kwanza ni ipi?" Kisha A, B, C, D. Mwanafunzi wangu alijibu swali la namna hii na akalipata. Angelikosaje? Muulizaji kashaigusa damu, kashaushika mfuko wa uzazi, kashajua kwamba kuna tatizo. Iliyobaki ni kumbukumbu.

Hata hivyo sitaki karatasi ionewe. Hakuna njia nyingine inayokuwezesha kugusa mada 100 ndani ya saa mbili kwa wanafunzi 80 kwa mara moja, kila mtu akipewa swali lile lile na kusahihishwa kwa kipimo kile kile. Haina uso wala huruma, haina "huyu namfahamu baba yake". Mwanafunzi asiyejua kwamba magnesiamu salfeti ikizidi inazuia upumuaji, au asiyeweza kupiga hesabu ya matone ya dripu, karatasi itamnasa haraka na kwa gharama ndogo. Ndiyo maana mabaraza ya uuguzi duniani hayajaiacha. Uingereza, kwa mfano, muuguzi aliyesomea nje hupita kwanza mtihani wa kompyuta wenye sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya maswali ya kuchagua, kabla ya kuingia kwenye vituo vya vitendo.

Kasoro yake kubwa, mbali na kuotea (mwenye majibu manne ya kuchagua ataotea wastani wa maswali 25 kati ya 100 bila kujua lolote), ni namna inavyowafundisha wanafunzi kusoma. Wanafunzi husoma kwa kuufuata mtihani. Ukiwapa maswali ya kukariri, watabeba desa la maswali ya miaka iliyopita hadi wodini, na mgonjwa watamsubiri ajieleze kama swali.

Lakini karatasi inaweza kurekebishwa bila kuongeza hata shilingi, na hapa ndipo walimu wengi tunapopoteza bahati. Chukua mama yule yule, mweke kwenye wodi ya vitanda vinne. Kitanda cha kwanza mama mwenye maumivu ya kidonda cha upasuaji, analia. Cha pili mama mwenye presha 138/88 iliyoshuka kutoka 150/96. Cha tatu mama yetu, namba zake tatu za mapigo na presha, na kiu. Cha nne mama ambaye mtoto hajanyonya vizuri, na ndugu zake wamekasirika. Uliza: umeingia zamu peke yako, unaanza kitanda kipi? Usiandike "anatokwa damu" popote. Bado ni swali la kuchagua, bado unasahihisha kwa dakika moja, lakini anayekariri hana pa kushika. Na huhitaji majibu matano. Tathmini ya Michael Rodriguez ya mwaka 2005, iliyokusanya tafiti za miaka 80 hivi, ilionyesha kwamba majibu matatu mazuri yanatosha. Muda unaookoa kubuni majibu ya uongo ya D na E, utumie kuandika chati inayofanana na ya kweli.

OSCE

OSCE ilianzia Dundee, Scotland, ambako Ronald Harden na wenzake waliichapisha mwaka 1975. Walitaka kuondoa bahati kwenye mitihani ya vitendo, ambapo mmoja alikuwa anapewa mgonjwa mwepesi na mwenzake anapewa mgonjwa mgumu, halafu wote wanapewa alama na mtahini mmoja mwenye siku nzuri au mbaya. Wanafunzi wanazunguka kwenye vituo, kila kituo kazi moja, dakika zile zile, mtahini mwenye orodha ya kuweka tiki. Ilikuwa haki kubwa kwa wanafunzi na bado ni haki kubwa.

Kwa ujuzi wa mikono sijaona kinachoizidi. Kuingiza mpira wa mkojo bila kuchafua, kumpumulisha mtoto mchanga kwa mfuko na barakoa, kutundika damu ya kuongezewa pamoja na dripu sahihi: haya hayaulizwi kwenye karatasi, na si haki mwanafunzi ayajaribu kwa mara ya kwanza kwa mtu.

Shida iko mlangoni mwa kituo. Karatasi iliyobandikwa pale inasema: "Mama huyu anatokwa damu baada ya kujifungua. Mhudumie kwa dakika 8." Tumemwonea tena. Ndani, mtahini ana orodha ya mambo 24: amejitambulisha, ameomba ridhaa, amenawa mikono, amekanda mfuko wa uzazi, ameomba msaada, na kuendelea, kila tiki alama moja. Nimemtazama mwanafunzi akisimama mbele ya sanamu ya kufundishia, mikono kaifumbata mgongoni, akitangaza kwa sauti ya kughani: "Ninajitambulisha. Ninanawa mikono. Ninaomba ridhaa." Nikaweka tiki tatu, kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa. Mwingine aliitundika dripu kwa unadhifu wa kupendeza, akafunga plasta, akaandika tarehe, ndipo akakumbuka kuita msaada. Alama 18 kati ya 24. Kwa mama wa kweli, mpangilio ule ungekuwa umekula dakika tano ambazo hazipo.

Halafu kuna hesabu. Vituo 10, kila kimoja dakika 8 na dakika moja ya kuhama, mzunguko mmoja unakula dakika 90 na kuhudumia wanafunzi 10. Wanafunzi 80 ni mizunguko minane, saa 12 za mtihani mtupu, watahini 10 wasioondoka, na vifaa vya kutumika mara moja kwa kila mtu. Chuo chenye wakufunzi sita kinaanza kuazima wauguzi wodini, na wodi inabaki na pengo siku mbili. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza linatumia vituo 10 kwa wauguzi wanaotoka nje, lakini mtihani huo una sehemu zake za kudumu na watahiniwa wanalipa ada. Tusiige idadi bila kuangalia mfuko.

Nikiwa na OSCE mikononi, nafanya mambo matatu. Mlangoni naandika tu: "Unapokea zamu. Mwone mama huyu." Orodha ya tiki naifupisha, na naweka hatua mbili tatu ambazo asipozifanya ndani ya dakika mbili kituo hakijapita hata kama mengine yote kafanya. Kisha mtahini anatoa maoni ya jumla, mbali na tiki: huyu ungemwachia wodi usiku, au hapana, au una shaka? Zipo njia za kukokotoa alama ya kufaulu kutokana na maoni hayo yakilinganishwa na tiki, na zinaleta kiwango cha haki zaidi kuliko kusema tu asilimia 50.

La nne ni kifaa. MamaNatalie ni tumbo bandia linalovaliwa na mtu. Aliyelivaa ndiye anayefungulia damu kwa mkono na kuulegeza au kuukaza mfuko wa uzazi, na kwa kuwa ni mtu, anaweza kusema kwa sauti ya kuchoka, "Nasikia kiu." Sanamu ya plastiki haisemi hivyo. Kama bajeti yenu inaruhusu kifaa kimoja tu cha uzazi, mimi ningechukua hiki kabla ya sanamu ya umeme ya bei kubwa.

Kisa kinachofunguka

Hapa mwanafunzi anapewa ukurasa wa kwanza tu wa kisa. Anajibu kwa maandishi: unaona nini, unahofia nini, utafanya nini sasa. Anarudisha karatasi. Anapewa ukurasa wa pili, nusu saa baadaye katika kisa, namba mpya, maneno mapya ya mgonjwa. Hawezi kurudi nyuma kujisahihisha. Wakufunzi wengi wanatumia bahasha; mwenye kompyuta anatumia kompyuta.

Marekani imeliingiza wazo hili kwenye mtihani wake wa leseni ya uuguzi, NCLEX. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 mtihani huo una visa vitatu, kila kimoja na maswali sita yanayofuata njia moja ya fikra: kutambua dalili, kuzichambua, kupanga hofu kwa uzito wake, kubuni hatua, kutenda, na kutathmini matokeo. Mtahiniwa anapata kati ya maswali 85 na 150, kwa muda usiozidi saa tano, na kompyuta inampimia ugumu wa swali linalofuata kutokana na anavyojibu. Jambo lingine jema walilofanya ni kutoa sehemu ya alama: ukiziona dalili nne kati ya sita hupati sifuri. Vijana wetu wanaojiandaa kwenda huko wanalalamika kwamba maswali hayo hayakaririki. Nami nawaambia hiyo ndiyo sifa yake.

Lakini hata NCLEX, kwa kuwa inasahihishwa na kompyuta, mara nyingi inaziweka dalili kwenye orodha na kumwambia mtahiniwa achague. Bahasha zetu za karatasi zina nguvu ambayo kompyuta ile haina: mwanafunzi anaandika kwa maneno yake mwenyewe, na pale asipoona kitu, ukurasa unabaki mweupe. Nilipomjaribu mama yetu kwa darasa zima kwa njia hii, ukurasa wa kwanza karibu wote waliandika kwamba hali ni nzuri, na walikuwa sahihi. Ukurasa wa pili, wa saa nne na nusu, ndio uliowagawa. Kuna walioandika "presha imeshuka kidogo, nitarudia baada ya saa moja." Kuna walioandika "mapigo yamepanda 14 ndani ya nusu saa, naangalia pedi na kushika tumbo." Makundi hayo mawili yalikuwa na alama zinazokaribiana kwenye mtihani wa karatasi.

Gharama yake ni kalamu, fotokopi na muda wa kusahihisha. Wanafunzi 80 wanafanya ukumbini kwa dakika 40. Ukitumia dakika nne kwa kila mmoja, ni saa tano na dakika 20 za kusahihisha, kazi ya siku moja ya mkufunzi mmoja. Udhaifu wake ni kwamba bado ni maandishi. Mwanafunzi anasoma "kanga imeanza kushika unyevu"; hajainua shuka. Mwenye mwandiko mzuri na maneno mengi anaweza kumfunika msahihishaji asiye makini. Na kisa kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Tangu mwaka 1978 Arthur Elstein na wenzake walionyesha kwamba mtu kufaulu kufikiri vizuri kwenye kisa kimoja hakukuhakikishii kisa kinachofuata. Anayemwona mama anayetokwa damu anaweza kumkosa mtoto mwenye upungufu wa maji. Visa vifupi vinne vya mada tofauti ni bora kuliko kimoja kirefu.

Kitandani

Hapa ndipo ukweli ulipo, na hapa ndipo haki inapoyumba zaidi. Mgonjwa wa kweli ananukia, analala, ana ndugu wanaouliza maswali, ana chati iliyoandikwa nusu. Mwanafunzi hawezi kutangaza kwamba ananawa mikono. Ananawa au hanawi. Hakuna anayemwonea, maana hata mtahini hajui saa ijayo italeta nini.

Ila mmoja anapangiwa mama aliye tayari kuruhusiwa, mwenzake anapangiwa mwenye kifafa cha mimba. Saa nzima ya kumtahini mtu mmoja kwa mgonjwa mmoja inaturudisha kwenye bahati ambayo Harden aliikimbia. Wanafunzi 80 kwa saa moja kila mmoja ni saa 80 za mtahini. Na kuna huruma. Mwaka 2003 Kathleen Duffy alitoa utafiti wake huko Scotland ulioonyesha kwamba wauguzi walezi walikuwa wakiwapitisha wanafunzi waliowatilia shaka, kwa sababu ni vigumu kumwangusha mtu uliyekunywa naye chai mwezi mzima, au kwa kuhofia usumbufu wa maandishi. Sidhani kama kuna mlezi wa wodi katika nchi zetu atakayesema hajawahi kuonja majaribu hayo.

Njia ninayoipendekeza ni kuugawa. John Norcini na wenzake waliieleza mwaka 1995 kwa madaktari wanaojifunza: mtahini anamtazama mwanafunzi dakika 15 au 20 tu akifanya kazi ambayo angeifanya hata hivyo, kisha anampa mrejesho wa dakika tano palepale. Inarudiwa mara kadhaa, kwa wagonjwa tofauti na watahini tofauti. Macho manne ya watu wanne kwa dakika 15 kila mmoja yanakula saa ile ile moja, na yanapunguza bahati na upendeleo kuliko jicho moja. Kupima namna anavyofikiri, tumia kipimo cha Kathie Lasater cha mwaka 2007. Kimejengwa juu ya hatua za Tanner, kina vipengele 11 na viwango vinne, kutoka anayeanza hadi wa kuigwa. Si lazima uvitumie vyote. Mimi huchukua vya kuona na kuelewa, kisha namuuliza swali moja tukiwa tumesogea pembeni, mgonjwa asisikie: "Katika wagonjwa wako wa leo, nani anakutia wasiwasi, na kwa nini?" Anayejibu "hakuna" namrudisha naye kitanda kwa kitanda.

Mambo mawili hayana mjadala. Mgonjwa aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa na awe huru kukataa bila kununiwa. Na mtahini asiangalie hatari ikitokea ili tu aone kama mwanafunzi ataigundua. Ukiona pedi imelowa, mtihani umekwisha; ni kazi sasa.

Lugha, ambayo hatuipi alama

Jambo hili ndilo linaloniuma zaidi, na silioni likijadiliwa vya kutosha vyuoni. Tunafundisha na kutahini kwa Kiingereza. Mgonjwa anaugua kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, Kidigo, Kijaluo. Mwanafunzi wangu alijua vizuri dalili za mtu aliyepungukiwa damu kwa maneno ya kitabu. Mama hakuzitaja kwa maneno hayo. Alisema nasikia kiu. Angeweza pia kusema naona giza, kichwa chepesi, moyo unaenda mbio, mwili umeisha nguvu. Kila moja ya kauli hizo ni dalili inayosubiri mtu wa kuitafsiri, na daraja lile hatujawahi kumjengea mwanafunzi, wala kulipima.

Ukilinganisha njia zetu nne kwa jicho hili, karatasi ya Kiingereza ndiyo dhaifu kuliko zote: inaweza hata kumwangusha mwanafunzi mwenye jicho kali kwa sababu hakuelewa neno moja la swali. OSCE inaweza kupona, ikiwa aliyevaa tumbo anaruhusiwa kuongea kama mgonjwa. Kwenye bahasha, maneno ya mgonjwa yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa Kiswahili, hata kama swali lenyewe ni la Kiingereza kwa sababu kanuni zinataka hivyo. Hakuna kanuni ninayoifahamu inayokataza kumnukuu mgonjwa. Kitandani lugha inakuja yenyewe.

Basi uchague nini?

Kama unaandaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, msingi uwe karatasi, pamoja na OSCE ndogo ya vituo vitatu au vinne vya ujuzi wa mikono. Hawajaona wagonjwa wa kutosha. Kuwadai jicho la wodi mapema ni kuwaonea. Lakini tia maswali machache ya "kitanda kipi kwanza" ili wazoee.

Kwa mwaka wa mwisho, ningegeuza mizani. Karatasi ibaki kwa dawa, hesabu na mambo yasiyosameheka. Visa vinne vya bahasha vibebe uzito unaolingana nayo. OSCE ibakie vituo vile tu ambavyo kosa la mkono linaua: kumpumulisha mtoto, kumhudumia mama anayetokwa damu, kifafa cha mimba, damu ya kuongezewa. Na kitandani, vipindi vinne vifupi vyenye watahini wanne tofauti, vianze mapema ili atakayeonekana dhaifu apate muda wa kusaidiwa kabla ya mtihani wa mwisho.

Kama mitihani yenu ya mwisho inatoka juu na hamna uwezo wa kuibadili, badilini mitihani ya ndani. Hiyo ni yenu. Mwanafunzi aliyezoeshwa bahasha hashindwi karatasi ya taifa, ila wa karatasi tupu nimeona bahasha ikimshangaza.

Na kama uko peke yako, darasa la watu 60, sanamu moja iliyovunjika mguu, hospitali ya wilaya ng'ambo ya barabara: anza na bahasha moja wiki hii. Chukua chati ya mgonjwa mliyemhudumia kweli, ondoa jina, namba ya faili, kijiji na tarehe. Igawe kurasa tatu kwa saa ambazo hali yake ilibadilika. Kwenye ukurasa wa kwanza weka mambo ya kawaida na moja tu lisilo la kawaida. Andika maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema. Soma tena kurasa zote tatu, na kila mahali ulipoandika jina la ugonjwa au neno "tatizo", lifute, umwachie mwanafunzi aliandike yeye.